Mdomo wa Mfuko

Watu wanaofungua mifuko ya chakula cha mifugo kwa meno nimewaona kwa macho yangu, tena si mmoja wala wawili. Mtu mzima, ana saa mkononi na simu ya bei, anainama juu ya mfuko, anauma uzi, anavuta kama mbwa aliyepata utumbo, halafu anatema kando na kufuta midomo kwa mkono uleule atakaonipa. Mimi nyuma ya kaunta mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Najua kilichopita juu ya mdomo wa ule mfuko. Najua paka wa dukani analala wapi na panya wanakojoa wapi.

Duka lipo Kariakoo, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, na nipo pale mwaka wa saba sasa. Tunauza pumba, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, mifupa iliyosagwa, damu iliyokaushwa ikawa unga mweusi, na vyakula vilivyochanganywa tayari, mifuko ya kilo hamsini yenye picha: wa kuku ana kuku, wa ng'ombe ana ng'ombe, wa nguruwe ana nguruwe. Watu husema hakuna harufu mbaya Dar kama ya Feri. Anayesema hivyo hajaingia stoo yetu mvua za masika zikinyesha. Samaki wa Feri angalau jana alikuwa hai. Dagaa wetu alikufa zamani, akasagwa na vichwa vyake, akafungiwa kwenye mfuko wa salfeti, ule wa nyuzi za plastiki, na unyevu ukiingia anaanza kutoka jasho kama mgonjwa wa homa.

Mimi ni mtu wa kinyaa. Siwezi kunywa maji kwenye kikombe ambacho sijakiosha mwenyewe. Nikiona nywele kwenye sabuni, ile sabuni basi tena. Kwa hiyo niulize nafanya nini kwenye duka ambalo jioni nikipenga kamasi zinatoka za kahawia, ambalo nikivua mtandio nilale, mto unanuka dagaa hata kama nimeoga mara mbili. Siku moja nilichota pumba nikamwekea mteja kwenye mzani, na juu ya mzani vikaanza kujinyonganyonga vitoto vya panya, vitano, vyekundu, havina manyoya, vipofu. Mteja akaniambia, "Dada, hao usinipimie," akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikutia kitu mdomoni siku ile wala kesho yake asubuhi.

Nafanya kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu ya shangazi. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nipo darasa la tatu, na mpaka leo tunaishi wote, vyumba viwili vya uani, mitaa ya Gerezani. Yeye ni mpishi wa shughuli. Kukiwa na harusi, hitma au maulidi anaitwa yeye na masufuria yake na miko yake mirefu. Magoti yamemchoka, lakini hajawahi kuunguza pilau. Mpishi wa shughuli hana kibao mlangoni, ana jina tu. Kulikuwa na mpishi mwenzake mtaa wa nyuma, mzuri kabisa, mpaka siku moja ikasemwa kwamba nyama ya harusi fulani ilikuwa imelala. Hakuna aliyethibitisha. Wakambandika jina la utani ambalo sitaliandika hapa, na tangu siku hiyo hajaitwa hata kuchemsha chai. Shangazi alikuwa akimtaja kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyotaja ugonjwa.

Nilipoanza kazi nilikuwa nafungua mifuko kwa kisu kama kila mtu. Kisu kinapasua salfeti, pumba zinamwagika, nyuzinyuzi zinaingia kwenye chakula, na vumbi lote la mdomo wa mfuko linakurukia usoni. Asubuhi moja nilikuwa nachoma mfuko mmoja wa mashudu, kisu butu, jasho linanitoka, nikasikia mtu nyuma yangu anauliza, "Dada, unamuua au unamfungua?" Alikuwa mpagazi, amekuja kushusha mzigo. Akanisogeza kwa bega bila kunigusa kwa mkono, kwani mikono yake ilikuwa michafu na nadhani alishaniona nilivyo. Akanionyesha.

Mdomo wa mfuko una sura mbili. Upande mmoja mshono umelala sawa, mstari mmoja kama wa cherehani ya fundi nguo. Upande wa pili uzi umeshikana vitanzi vitanzi, kama mnyororo. Ule upande wa mstari mmoja uweke ukutazame. Anza kulia. Pale pembeni kuna kimkia cha uzi kinaning'inia. Kikate karibu kabisa na mfuko, legeza tanzi la kwanza kwa ukucha, halafu shika nyuzi mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, uvute. Nguvu haihitajiki. Mshono unajiachia wenyewe, trrrr, mpaka mwisho, na mkononi unabaki na nyuzi mbili ndefu nzima. Ukianzia kushoto utavuta mpaka kesho, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kujikaza. "Hii inaitwa kufumua," mpagazi akaniambia. "Ile ya kwako inaitwa kuchinja."

Nilifurahi kuliko siku niliyopata simu. Mtu asiye na kinyaa hawezi kunielewa. Kazi nzima inafanywa na vidole viwili na ukucha mmoja. Husogezi uso, hugusi vumbi, mdomo unafunguka kwa adabu kama mlango. Na mfuko unabaki mzima. Ukiutazama hapo juu unaona mstari wa vitundu vidogo tu, vimepangana, hakuna hata uzi mmoja wa salfeti uliochomoka.

Mfuko mzima una wateja wake. Wauza mchele, wauza maharage, akina mama wanaopeleka mahindi mashine, wote wanataka mfuko usiopasuka. Tukawa na marundo mawili stoo. Rundo la kwanza ni la mifuko tuliyoifumua wenyewe dukani tukauza chakula chake kwa kilo. Hiyo haijawahi kutoka mlangoni, inakung'utwa, inaanikwa, inauzwa kwa watu wa nafaka. Rundo la pili ni la mifuko inayorudishwa na wafugaji, imetoka mabandani, hiyo ni ya watu wa mkaa na waokota chupa. Kuyatenganisha hakukuhitaji akili. Wafugaji wote wanapasua. Unatazama mdomo tu: wenye vitundu ni wetu, uliochanika ni wa bandani.

Halafu kulikuwa na mfugaji mmoja wa nguruwe, mzee wa watu, mtu wa Songea aliyehamia Pugu. Mpole, msafi wa shati, kila akija nampa shikamoo na ananiitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kanisani. Mimi na nguruwe hatuna ugomvi, kila mmoja abaki kwao. Lakini mzee huyu alikuwa katika wale wa meno. Alikuwa anafungua mfuko mmoja palepale dukani kuangalia kama chakula hakijaota ukungu, na anaufungua kwa magego. Na mifuko mitupu aliyokuwa akiturudishia ilikuwa imetafunwa mdomo mzima, imelowa, imekauka, imegandiana na vitu ambavyo sikutaka kujua ni nini. Kila akiinamisha kichwa kuuma nilikuwa nageuka ukutani nahesabu moja mpaka kumi.

Siku moja nikashindwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu ngoja, usiume." Nikamwonyesha. Upande wa mstari mmoja, kulia, kata kimkia, vuta. Alipovuta mwenyewe na mshono ukaachia wote, mzee akapiga kelele kama mtoto. "Kumbe ina zipu!" Akataka mfuko mwingine. Nikampa, akafumua na huo. Siku ile alifumua minne, na kila mmoja alicheka. Akaniombea kwa Mungu nipate mume mwema. Mimi nilimfundisha kwa sababu moja tu, nisione tena yale meno.

Tangu hapo mifuko yake ikawa inarudi mizima. Tena alianza kuipiga maji kabla ya kuileta, kwa shukrani. Midomo ya mifuko hiyo ilikuwa na vitundu vilivyopangana, huwezi kuitofautisha na ya kwetu. Jioni wakati wa kufunga, mimi na haraka zangu, natazama mdomo, narusha huku, natazama mdomo, narusha kule. Sikufikiri. Hilo ndilo kosa, na ni langu mimi, sina wa kumsingizia.

Ilikuwa arobaini ya jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu aliyeheshimika, ambaye hakukosa msikitini hata siku mvua inapozamisha mtaa. Shangazi akapewa kazi ya pilau. Siku mbili kabla akaniambia nimletee mfuko mmoja safi, mkubwa, aende nao sokoni kwa muuza mchele anayempimia. Nikauchukua wa juu kwenye rundo letu. Ulikuwa wa chakula cha nguruwe. Picha yake ilikuwa pale, nguruwe wa rangi ya waridi, masikio yamesimama, anatabasamu. Nikajisemea, chakula cha nguruwe ni pumba na mashudu na dagaa, ndani hakuna nguruwe, na mfuko huu haujatoka dukani. Lakini nilijua shangazi akimwona yule mnyama hataukubali. Kwa hiyo nikaugeuza, ndani nje, nje ndani, nikaukunja vizuri, nikampelekea. Akaushika akasema, "Hongera, huu umetakata."

Siku ya hitma nilipewa ruhusa kazini. Uani kwa wafiwa kulikuwa na mafiga mawili na masufuria mawili makubwa. La kwanza lilikuwa limeshaiva, limepaliwa makaa juu ya mfuniko, harufu ya bizari imejaa mpaka barabarani. La pili supu yake ilikuwa inachemka, inasubiri mchele. Nje wanaume walikuwa chini ya turubai wanasoma. Shangazi amesimama na mwiko, jasho linamtiririka, mtu mwenye furaha yake. Binti mmoja wa nyumba ile na mwenzake wakaushika mfuko kwa pembe za chini kumwagia mchele uliobaki kwenye ungo. Wakautikisa. Ukagoma mwishoni, wakauvuta pembe kwa juu, mfuko ukajigeuza wote.

"Mdudu!" yule binti akapiga kelele. "Jamani, mdudu kwenye mchele!"

Shangazi hakugeuka hata shingo. "Mdudu si umtoe? Mchele gani usio na mdudu? Pepeta."

"Siyo mdudu huyo, shangazi! Mdudu! Mdudu kitimoto!"

Wanawake wote uani wakageuza vichwa. Pale juu ya ungo, katikati ya mchele mweupe, nguruwe wa rangi ya waridi alikuwa anatutabasamia.

Wa kwanza kusema alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mrefu, mwenye baibui lililopigwa pasi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafuta kitu cha kukasirikia. Akaweka mkono kifuani. "Astaghfirullahi. Kaka yangu hakuacha sala hata moja, leo arobaini yake anakuja kusomewa na kitimoto?"

Mmoja akaachia kisu cha vitunguu. Mwingine, aliyekuwa ameonja pilau la sufuria la kwanza, akakimbilia bombani kusukutua. Nikamtazama shangazi. Mwiko ulikuwa umesimama ndani ya supu na mkono wake juu yake, na uso wake umeanza kuwa wa kijivu. Sikuhitaji kuambiwa anamfikiria nani. Alikuwa anamfikiria yule mwenzake wa mtaa wa nyuma. Yeye ilikuwa nyama imelala tu, tena ya kusemwa. Huyu ni nguruwe, kwenye hitma, mashahidi kumi na wawili. Jina la utani lingekuwa tayari kabla ya laasiri.

"Mfuko nilipewa na binti yangu," akasema taratibu. "Anafanya kazi kwenye duka la vyakula vya mifugo, nyote mnajua. Na yupo hapa. Aulizwe yeye."

Nikaanza na yale niliyojiambia mwenyewe. Nikasema chakula cha nguruwe ni pumba, hata kuku anakila, hakuna nyama ya mnyama huyo ndani. Vichwa viwili vitatu vikaanza kukubali. Dada wa marehemu akanyoosha kidole.

"Sijakuuliza chakula. Nakuuliza mfuko. Mfuko huu ulikwenda kwa nguruwe ukarudi, au haujakwenda?"

Lilikuwa swali sahihi kabisa, na nilimchukia kwa kuwa na akili. Nikauchukua mfuko. Nikatazama mdomo, na nikapumua, kwani vitundu vilikuwa pale, vimepangana, mdomo mzima. Nikawaonyesha. "Tazameni hapa," nikasema, na sauti yangu ikapata nguvu. "Wafugaji wote wanapasua kwa kisu au wanauma kwa meno. Huu umefumuliwa kwa uzi, na wanaofumua ni sisi wa dukani." Nikawaeleza upande wa mstari mmoja, kulia, kimkia, vuta. Wakainama kutazama. Hata yule wa kusukutua alirudi kutazama. Nikauinua zaidi ili wa nyuma waone, mdomo ukapita mbele ya pua yangu.

Harufu ya stoo yetu naijua. Naijua ya dagaa, ya mashudu yaliyovunda, ya damu, ya panya aliyekufa nyuma ya pipa. Hii haikuwa hata moja kati ya hizo. Ilikuwa nzito, chachu, ya mkojo na makapi ya ugali wa juzi, na chini yake harufu ya sabuni ya mche, ya mtu aliyejitahidi kuosha kwa shukrani. Ndipo nilipomkumbuka mzee wa Pugu na zipu yake. Na ndipo nilipokumbuka kwamba niliugeuza. Upande uliokuwa umelalia sakafu ya banda ndio uliolaza mchele wa hitma siku mbili. Kwenye pembe, karibu na sikio la nguruwe wa picha, kulikuwa na kitu cha kijivu kimekauka, kimeingia ndani ya msuko wa salfeti, chenye unywele mmoja mgumu mweupe. Nikakifunika kwa kidole gumba.

Sijawahi kushika kitu kichafu vile katika maisha yangu, na sikuondoa kidole.

"Umetoka dukani," nikasema.

"Wallahi?" akauliza dada wa marehemu.

Shangazi alikuwa ananitazama. Hakuwa na wasiwasi wowote usoni, hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Wallahi," nikasema. "Umetoka dukani, haujakanyaga bandani."

Yule mwanamke akasema, "Basi ale yeye kwanza." Akaenda mwenyewe kwenye sufuria la kwanza, akaondoa mfuniko na makaa yake kwa ufundi, akanipakulia sahani iliyojaa. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaukunja mfuko nguruwe akiwa ndani, nikaukalia, nikanawa mikono kwenye beseni mara moja tu, maana kunawa mara mbili kungeonekana. Nikasema bismillahi. Nikala.

Pilau lilikuwa tamu. Nataka niseme hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndicho kitu kilichonichukiza kuliko vyote. Mchele umeachana punje kwa punje, nyama laini, viungo vimekaa. Kila tonge lililopita kooni nililiona likiwa na unywele mweupe. Macho yakanitoka machozi, nikasema pilipili. Nikamaliza nusu sahani. Nikaomba niongezewe ndizi.

Nilidhani yamekwisha. Shangazi akaacha mwiko wake, akaja polepole na magoti yake, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kula kwenye shughuli kabla ya mgeni wa mwisho kushiba. Huyu ni mwanamke anayerudi nyumbani kubadili khanga akirukiwa na tone la maji ya mtaro, asije akasali na uchafu. Akanawa. Akasema, "Jamani, mtoto wangu ameapa," akatia mkono kwenye sahani yangu, upande wangu, akafinyanga tonge akala. Akala la pili. Akalamba vidole, kimoja baada ya kingine, wakimtazama wote. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa naimba maneno hayo tangu shule ya msingi bila kufikiri kwamba kula huko ni kula kweli, kwa sahani na vidole.

Dada wa marehemu akakohoa, akasema, "Haya, pakueni, watu wana njaa." Masinia yakatoka.

Ule mchele wa kwenye ungo niliomba niuoshe mimi. Niliuosha mara saba mpaka vidole vikakunjamana, na wanawake wakanisifia kwamba kweli mimi ni msafi, tena ameniharibu shangazi kwa usafi. Halafu nikaomba ruhusa ya msalani. Nilitapika vitu vyote, nikamwaga maji, nikatapika tena. Mfuko nilirudi nao dukani chini ya kwapa na niliuchoma nyuma ya stoo. Salfeti haiungui vizuri, inayeyuka na kunata.

Wiki chache baadaye nilimfuata ustadhi mmoja ambaye hanijui, mbali na mtaani kwetu, nikamuuliza kama vile ni habari ya mtu mwingine. Akanisikiliza vizuri. Akasema kikavu kikigusa kikavu hakikinajisi, tena mchele uliokwenda sufuriani ulioshwa kwanza, basi waliokula hawana neno, mtu huyo atulie moyo. Nikamshukuru. Nilikuwa nimemuuliza habari ya mchele tu. Ile wallahi sikumtajia.

Jina la shangazi limezidi kupanda. Ile habari ya mdudu ilienea kama nilivyoogopa, lakini ilienea na mwisho wake: kwamba mpishi alikula wa kwanza, baada ya binti yake, na binti yake ni mtu wa Mungu hawezi kuapa uongo. Sasa wakigombana uani nani kamaliza maji ya tangi, shangazi anasema, "Mwiteni binti yangu, yeye akisema nitaamini." Ananisifu mbele za watu mpaka natamani kujificha. Na lile rundo la mifuko siligusi tena bila glavu. Mzee wa Pugu akija nampokea, shikamoo, marahaba, na mifuko yake yote naipeleka kwa watu wa mkaa, haidhuru ina mdomo gani.

Juzi shangazi alikuwa anaongea kwa simu na mama mmoja wa Ilala anayeoza binti yake, nami nakunja nguo kitandani. Nikasikia mama yule anauliza, kwa adabu, mchele utatoka wapi, maana kuna maneno aliyasikia zamani. Shangazi akacheka. "Mchele wangu una shahidi," akasema, akanisogezea simu mdomoni. "Mwambie, mwanangu."

"Shikamoo mama," nikasema. "Usiwe na shaka. Wallahi, ni safi kabisa."

Mama yule akasema alhamdulillahi, wakaendelea na habari za nyama. Nikaendelea kukunja nguo. Mchele wenyewe ulikuwa bado haujanunuliwa.